Maswali Niliyomtuma Shangazi

Niseme mapema ili usije ukashangaa mbele: mimi ni mtu wa hasira za karibu. Wanafunzi wangu wanajua, walimu wenzangu wanajua, na marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja uso. Kwa hiyo siku ile binti wa kidato cha kwanza aliponyoosha mkono darasani kwangu, huku Biharamulo ninakofundisha historia, kitu cha kwanza kunijia kilikuwa hasira.

Tulikuwa kwenye vyanzo vya historia. Ni mada ya mwanzo kabisa, naifundisha kila mwaka: masimulizi ya mdomo, maandishi, mabaki ya kale. Nawaambia watoto, ukisimuliwa jambo usimeze tu, uliza. Nani kasema? Alikuwepo? Aliandika lini? Watu wakiamini, yeye anapata faida gani? Maswali hayo nilikuwa nimeyaandika ubaoni kwa herufi kubwa, najiona mwalimu kweli kweli. Binti akasimama, mpole, mikono nyuma.

"Mwalimu, na habari za Yesu tukiziuliza hivyo hivyo, tunapata nini?"

 Wakristo wananitazama, Waislamu wananitazama. Nikamwambia hilo akamuulize mwalimu wa dini, nikageuka, nikaanza kufuta ubao wakati kipindi hakijaisha.

Sasa ujue mimi ni mtoto wa nani. Baba yangu ni katekista wa kigango kimoja huko Ntobeye, wilaya ya Ngara, tangu kabla sijazaliwa. Kigango chetu ni kanisa dogo la kijijini lisilo na padre wa kukaa. Padre anafika mara moja moja. Siku nyingine zote anayefungua mlango, anayesalisha, anayefundisha watoto komunyo ya kwanza na anayezika wafu ni katekista. Nusu ya kijiji imejifunza ishara ya msalaba kwa baba. Mimi nilijua majibu ya katekisimu kabla sijajua kuhesabu mpaka mia. Na nyumbani kwetu, ukutani karibu na mlango, kuna msumari, na kwenye msumari unaning'inia ufunguo wa kanisa uliofungwa kitambaa chekundu. Tulipokuwa wadogo, kuugusa ufunguo ule ilikuwa kesi.

Nikaenda ofisi ya walimu nimenuna. Meza ya jirani hukaa mwalimu wa jiografia, Mwislamu, mzaliwa wa Biharamulo hapa hapa, na mtani wangu mkubwa. Akauliza kulikoni, nikamwambia. Akacheka.

"Aa, nyie si mliundiwa dini na mfalme wa Kirumi? Mbona iko kwenye simu."

Akanionyesha video. Jamaa mmoja mwenye miwani, nyuma yake moto unawaka sijui kwa nini, anapiga kelele kwamba Yesu hakuwahi kuwepo, kwamba mfalme na maaskofu wake waliketi kikao wakatunga kila kitu. Nilimsukumia simu yake nusura iingie kwenye chai.

Lakini usinichezee mimi na swali. Nikaanza kutafuta, nikasoma kwa ukali wa mtu anayesahihisha mtihani. Na cha kwanza nilichokipata kilinifurahisha: jamaa wa moto ni mwongo. Mfalme yule alikuja karne tatu baadaye, akawakuta Wakristo wapo tayari, wengi, wanagombana wao kwa wao. Hakuitunga dini, aliwaita maaskofu wakamalizie ugomvi mbele yake. Tena wanahistoria wengi, hata wasiosali, wanakubali kwamba mtu huyo aliishi, alifundisha, akasulubiwa na Warumi. Nilimpelekea mwalimu wa jiografia habari hiyo asubuhi kabla hajaweka mkoba chini.

Basi ningeishia hapo ningekuwa salama. Sikuishia. Nikasoma kwamba maandishi ya zamani kuliko yote ni ya mtu ambaye hakutembea na Yesu. Kwamba Injili ziliandikwa miaka mingi baada ya tukio, kwa Kigiriki, ilhali Yesu hakuwa akihubiri kwa Kigiriki, na kwamba majina ya waandishi huenda yaliwekwa juu yake baadaye. Kwamba siku ya kuzaliwa kwake hakuna anayeijua. Yale maswali yangu ya ubaoni, nikiyauliza kwa haki, Injili ilikuwa inapata alama za wastani, na hapo mwalimu ameionea huruma.

Nikakasirika upya. Kwa nini hakuna aliyeniambia? Nimekalia benchi la kanisa miaka yote hiyo, nimeimba, nimefunga, na hakuna hata mmoja aliyesema, mwanangu, haya mambo yana maswali. Nikafikiria na namna dini yenyewe ilivyofika kwetu. Babu, baba yake baba, alikwenda misheni kutibiwa kidonda cha mguu. Akarudi na mguu mzima na rozari shingoni. Kabla ya hapo watu wetu walimwita Mungu Imana, na hata leo tukisali kwa Kihangaza, lugha yetu, ni Imana huyo huyo, hakuna padre aliyetuletea jina hilo. Kumbe Ukristo wa nyumba yetu ulianzia kwenye kidonda. Nilicheka peke yangu, halafu nikaona hakichekeshi.

Nikiwa katikati ya vurugu hiyo, Kwaresima imeshaanza, mdogo wangu wa kiume akanipigia simu. "Dada, mtoto anabatizwa Jumatatu ya Pasaka. Padre anakuja kigangoni. Na msimamizi ni wewe, usiniambie una ratiba." Nikashangilia, nikakubali. Nilipokata simu ndipo akili iliporudi. Msimamizi wa ubatizo anasimama mbele. Padre anauliza, unasadiki hili, unasadiki lile, na msimamizi anajibu kwa sauti: Nasadiki. Na anayesimama kando ya padre ameshika beseni la maji ni baba.

Sikuweza. Kusema Nasadiki huku baba ananitazama, nami moyoni najua kwamba sijui, lilikuwa jambo la kunitapisha. Kukataa kusimama nako kungekuwa kumvua baba nguo mbele ya watu aliowafundisha mwenyewe. Binti wa katekista! Hofu yangu ilikuwa moja, sina haja ya kuizungusha: nilikuwa naogopa kumpoteza baba. Mama ameshakwenda, nimebaki na mzee mmoja tu duniani. Na baba si mtu wa kugomba. Akiumia ananyamaza, na kunyamaza kwake mimi sikuwezi.

Kwetu neno zito halipelekwi kwa baba na mtoto mwenyewe. Lina mchukuzi wake, naye ni shangazi. Shangazi yetu anakaa Nyamiaga, karibu na Ngara mjini. Jumamosi moja nikapanda basi, nikamkuta jikoni anamenya ndizi, nikamwamkia, nikamweleza taratibu, kwa utulivu ambao si kawaida yangu.

"Shangazi, nina maswali juu ya mwanzo wa dini yetu. Sina uhakika tena. Siwezi kusimamia ubatizo wa mtoto. Naomba umfikishie baba, polepole."

Kisu kikasimama. "Maswali ya dini."

"Ndiyo."

"Yalianzia wapi?"

"Shuleni. Kuna mwalimu mwenzangu, Mwislamu, alinionyesha kitu kwenye simu, basi na mimi nikaanza kusoma..."

"Mwislamu."

"Ndiyo, lakini si yeye, shangazi, ni mimi mwenyewe."

"Ana umri gani?"

"Sijui. Thelathini na kitu. Shangazi, hilo halihusiki."

"Hakuna neno," akasema, akaendelea kumenya ndizi. "Niachie mimi."

Nikarudi Biharamulo mwepesi, nimetua mzigo. Mambo aliyoyafanya shangazi baada ya hapo niliyajua baadaye sana, lakini nakusimulia sasa, usije ukababaika kama nilivyobabaika mimi.

Alitafuta dumu la pombe ya ndizi, akajitwika, akaenda kwa kaka yake. Huko kwetu shangazi akija na pombe kichwani hakuna anayeuliza kaja na nini: ni neno la posa. Na ilikuwa Kwaresima, wakati ambao baba hagusi pombe na dunia nzima inajua hagusi. Mdogo wangu anasema baba alimwona dada yake kwa mbali anapanda kilima na dumu, akaketi kabla hajafikiwa. Shangazi akamwambia: mtoto amepata mwanamume Biharamulo, Mwislamu, mwalimu mwenzake. Ameanza kuuliza maswali ya dini kwa sababu anataka kuhama. Ubatizo hatasimamia. Anaogopa kukwambia.

Ningependa kumkasirikia shangazi, na nilimkasirikia, lakini acha nimtetee kidogo. Katika maisha yake yote amewaona watu wakibadili dini kwa ajili ya ndoa. Hajamwona hata mmoja aliyebadili kwa ajili ya kusoma. Mwanamke amepita thelathini, ana kazi, hana mume, ghafla anaamka anauliza Injili iliandikwa lini? Kwa hesabu za shangazi, hapo kuna mwanaume.

Mimi sijui lolote. Nangoja simu. Baba hunipigia kila Jumapili baada ya ibada, amesimama kwenye kichuguu nyuma ya shule ya msingi ambako mtandao unashika. Anauliza nimekula nini, anauliza mvua, anakata. Jumapili ikaja, kimya. Nyingine ikaja, kimya. Nikipiga mimi, hapatikani. Nikajua ndiyo basi. Nilikuwa naingia darasani nafundisha, natoka nakaa kwenye meza yangu nalia bila sauti, na mwalimu wa jiografia ananisogezea chai bila kuuliza.

Nikaamua kwenda kwetu hata hivyo, angalau nimwone mtoto akibatizwa, na Jumamosi Kuu mwenzangu huyo alikuwa na safari ya Ngara mjini kumwona mdogo wake. "Panda nikufikishe kwenu kwanza," akasema, "mabasi leo utayagombea." Nikampigia mdogo wangu kwamba naletwa na mwalimu mwenzangu kwa pikipiki. Akakohoa mara mbili, kisha: "Sawa dada. Tutajiandaa." Nikajiuliza, mnajiandaa nini?

Tulifika mchana, tope mpaka magotini. Mwenzangu akavua helmeti, na chini yake kuna kofia yake nyeupe ya kufuma. Uwanja umefagiliwa. Viti vyote vya nyumba viko nje, na vya jirani pia nilivitambua. Shangazi amevaa kitenge cha sikukuu, anatazama chini. Mdogo wangu amevaa koti. Na baba akatoka ndani, shati jeupe la Pasaka kabla ya Pasaka yenyewe, akasimama mbele ya mgeni, akasema polepole kama mtu anayevuka mto juu ya gogo:

"Asalamu aleikum."

Mwalimu wa jiografia akafurahi mpaka akasahau tope. "Waaleikum salaam, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Karibu kwetu."

Mimi nikaamkia, akaitikia, akanishika bega. Hakunitazama machoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa ukimya, kwa mlango uliofungwa, hata kwa fimbo. Kwa mapokezi sikuwa nimejiandaa hata kidogo. Nikamfuata mke wa mdogo wangu jikoni. Kuna kuku wanachemka. "Baba alikwenda mwenyewe mpaka senta alfajiri," akaninong'oneza, "kutafuta Mwislamu wa kumchinjia. Amezunguka kweli."

Tukala. Baba akamwambia mgeni ale bila wasiwasi, kuku ni halali, na pale nyuma kuna ndoo ya maji safi na mkeka mpya kwa ajili ya swala. Kisha akaanza kumuuliza. Kwao ni wapi hasa? Mama yake mzima? Wanafuga? Mwenzangu anajibu kwa heshima, hana habari, anasifia ndizi.

"Na pale Biharamulo," baba akauliza, "unaishi peke yako?"

"Hapana, mzee. Nina mke na watoto watatu."

Shangazi akaangusha sahani. "Mana yanje! Mungu wangu!" Mdogo wangu akapaliwa. Baba alifumba macho, akayafumbua. Akaichukua firigisi, ile ambayo katika nyumba yetu hakuna aliyewahi kuigusa isipokuwa yeye, akaiweka kwenye sahani ya mgeni.

"Mungu akukuzie," akasema.

Mwenzangu alipokwenda kuswali, baba akawaondoa wengine. Tukabaki watatu, yeye, shangazi na mimi. Nikaona saa yangu imefika. 

"Mwanangu," akasema, "shangazi yako amenifikishia neno lako. Nimekaa nalo. Hili la mke wa kwanza nimelisikia leo hapa mezani, na sikufichi, limeniuma. Lakini nimekubali."

"Umekubali nini, baba?"

"Uolewe."

Nilitazama nyuma yangu kama kuna mtu mwingine anaambiwa. "Niolewe na nani?"

Akaelekeza kidevu nyuma ya nyumba, kwenye mkeka. Nikamtazama baba, nikamtazama shangazi, na shangazi akaanza kuvuta vuta nyuzi za kitenge chake. Jamani! Nilipandisha sauti mpaka kuku waliobaki wakakimbia.

"Shangazi! Nilikutuma nini? Nilikutuma useme nini?"

"Ulisema maswali ya dini," akasema kwa sauti ndogo.

"Na ni maswali ya dini! Baba, mimi siolewi. Yule ana mke wake, nampenda mke wake, tunakopeshana chumvi. Mimi nina shida na Nasadiki."

Na nikayamwaga yote, bila mpangilio. Binti wa kidato cha kwanza, ubao, jamaa wa moto, mfalme wa Kirumi, Injili na miaka yake, waandishi wasiojulikana, kidonda cha babu. Nikamwambia siwezi kusimama Jumatatu nikasema najua wakati sijui. Nikamwambia sijaacha, wala sijahama, ila sijui, na kutojua kwenyewe kunanitesa. Nikamaliza napumua kwa nguvu.

Baba alinitazama machoni kwa mara ya kwanza siku ile. Mdomo ukaanza kumcheza. Kisha akacheka, kicheko cha tumboni, akakohoa, akajifuta macho, akacheka tena.

"Ndiyo hiyo tu?"

Hapo ndipo hasira zilipopanda kweli. "Baba, usiniambie ndiyo hiyo tu! Mimi silali!"

"Nisamehe. Nisamehe, mama." Alikuwa bado anajifuta. "Sikudharau. Ila hujui nimetoka wapi." Akavuta kiti chake karibu na changu. "Haya. Hayo uliyosoma, ni kweli?"

"Mengine ni uongo mtupu. Mengine ni kweli."

"Yale ya kweli, niulize."

Nikamuuliza. Nani aliandika? Akasema yeye anafundisha alivyofundishwa, na waliomfundisha hawakumwambia zaidi ya majina. Kwa nini waliandika baada ya miaka yote hiyo? Akafikiri. Akasema, "Wewe mwenyewe cheti chako cha kuzaliwa tulikiandikisha ulipokuwa unakwenda sekondari, nikakumbuka kwamba ulizaliwa mvua zile wakimbizi walipovuka mpaka, basi karani akaandika. Ina maana hukuzaliwa?"

"Baba, mimi niko hapa unanishika. Yeye yuko wapi nimshike?"

 "Hapo umenishinda," akasema.

Sijui nikueleze vipi jinsi neno lile lilivyonishusha mabega. Nilikuwa nimetarajia jibu au hukumu. Nikapata mzee ameketi karibu yangu, hana jibu, na hakimbii. Nikahisi njaa, njaa ya siku nyingi, nikavuta sahani ya kuku baridi nikaanza kula kwa mikono yote miwili. Shangazi naye alipoona nakula akapata ujasiri, akasema kwa kuwa yeye ndiye aliyeharibu, ubatizo atasimamia yeye, na Nasadiki yake haina tatizo lolote, ataisema mpaka barabarani isikike.

"Na wewe utakaa benchi la kwanza umbebee shangazi yako leso," baba akaniambia.

"Nitakaa."

Mwalimu wa jiografia akarudi kutoka kuswali, tukamwambia alikuwa bwana harusi tangu afike. Alishika kichwa. "Mzee, naomba habari hii isivuke Ngara. Mke wangu akiisikia, swala yangu inayofuata nitaswaliwa mimi." Tulicheka mpaka jirani akachungulia uani. Baba alicheka kuliko wote, na kila akinyamaza anaitazama ile sahani yenye firigisi iliyoliwa, anaanza tena.

Saa kumi ilikuwa inakaribia. Nilijua Jumamosi Kuu saa kumi kuna mafundisho ya wazazi na wasimamizi, yamekuwepo tangu utoto wangu, na baba hachelewi. Nikaona hainuki.

"Baba, hufungui kanisa leo?"

"Mwenyekiti wa kigango atafungua."

"Kwa nini afungue mwenyekiti?"

Akaokota kijiti chini. Nikageuka kutazama ndani kupitia mlango uliokuwa wazi. Msumari uko pale pale, na ukutani chini yake kuna alama ya ufunguo, kivuli cheupe kwenye rangi iliyochakaa. Ufunguo haupo.

"Baba, ufunguo uko wapi?"

"Nimeurudisha," akasema. "Jumapili ile baada ya shangazi yako kuja. Nilisalisha, nikamaliza, nikamkabidhi mwenyekiti."

"Walikunyang'anya?"

"Nani? Hakuna anayejua kitu. Nilimwambia miguu inauma." Alikuwa anasafisha kucha zake kwa kijiti, kazi isiyo na haraka. "Nilijua ukiolewa kule waumini watakuja. Watasema katekista gani huyu, anafundisha watoto wetu na wake mwenyewe amemshinda. Wangetaka nichague mbele ya watu. Nikaona nichague mapema, wasinikute na kitu mkononi. Nikusindikize nikiwa baba tu."

  Nilikuwa nimekaa majuma yote yale Biharamulo naomboleza kwamba nimempoteza baba kwa sababu ya maswali, na majuma yale yale yeye alikuwa ameshaweka chini kitu cha maisha yake yote ili asinipoteze mimi. Simu hakupiga kwa sababu alikuwa hajui aanzeje kunipa baraka. Nililia, nakwambia, nililia kwa sauti, kamasi na yote, shangazi akanifuta kwa kile kitenge chake cha sikukuu.

Kisha nikasimama, nikamwambia mwalimu wa jiografia awashe pikipiki.

Mwenyekiti wa kigango nilimkuta anavaa viatu. Nikamwamkia, nikamwambia nimekuja kuchukua ufunguo wa baba. Akautazama uso wangu uliovimba, akaitazama kofia ya mtu aliyenileta. "Miguu yake imepona?"

"Imepona. Sasa hivi."

Akanipa. Ni ufunguo mzito, sikuwahi kuushika maishani, na kile kitambaa chekundu kimefifia kimekuwa rangi ya udongo. Tulirudi nao kupitia katikati ya kijiji, Mwislamu mbele, na nyuma yake mimi niliyeshindwa kusema Nasadiki, nimeushika kifuani kwa mikono miwili kila tunaporuka shimo. Watu walikuwa wanatoka kwenda mafundisho, wanatupungia.

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Nikampa. Akaufuta kwenye shati lake jeupe, mbele na nyuma.

"Umemwambia nini mwenyekiti?"

"Nimemwambia miguu imepona."

Akaguna. Akaijaribu miguu yake hatua mbili tatu uani, makusudi, shangazi akamcheka. Kisha akashika njia ya kanisani, akageuka akaniona bado nimesimama.

"Unakuja au unabaki?"

"Nakuja, baba. Lakini bado nina maswali."

"Uliza njiani," akasema. "Tumechelewa."